Kisangani: Historia iko chini ya miguu, na wanaoijua wanazeeka

Kila mara utalii unapozungumzwa mjini Kisangani, kinachotajwa ni kimoja: Wagenia. Mgeni hupelekwa kwenye maporomoko, huonyeshwa miti iliyosimikwa katikati ya maji na vikapu vikubwa vilivyofungwa juu yake, hupigwa picha pamoja na wavuvi, hulipa, halafu hurudishwa hotelini. Bei hupanda na kushuka kulingana na rangi ya ngozi yake na viatu alivyovaa. Hakuna ubaya. Wagenia wanaishi kwa mto wao, na kazi ile ya kutega samaki katika maji yenye nguvu namna ile inastahili kutazamwa. Lakini mji huu umeona mambo ambayo miji michache ya Afrika imeyaona, na mengi yalitokea mahali ambapo leo watu hupita na baiskeli za toleka bila kujua wanapita juu ya nini.

Simi-Simi yenyewe ni mfano wa kwanza. Watu wa mjini wanaijua kwa uwanja wake wa zamani wa ndege, ule uliotumika kabla ya uwanja wa Bangoka kujengwa upande wa mashariki. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, ndege za kijeshi za Marekani aina ya C-130 zilipita juu ya uwanja huo na kuangusha askari wa miavuli wa Ubelgiji wapatao 320. Waasi wa Simba walikuwa wameshika mji, ambao wakati huo uliitwa Stanleyville, tangu mwanzo wa Agosti. Walikuwa wamejaza mapipa na vizuizi kwenye njia ya ndege ili chombo chochote kisitue. Wabelgiji wakaondoa mapipa, ndege nyingine zikatua, nao wakaelekea mjini. Huko, mateka wengi wa kigeni walikuwa wamefungiwa katika hoteli Victoria. Simba waliposikia ndege waliwatoa barabarani, wakawakalisha chini, na askari walipokaribia, risasi zikaanza. Kati ya waliouawa asubuhi ile alikuwemo Paul Carlson, daktari mmisionari Mmarekani. Siku hiyohiyo, msafara wa jeshi la serikali pamoja na mamluki ukaingia mjini kwa njia ya nchi kavu. Kesho yake, wamisionari waliokuwa wameshikwa ng'ambo, upande wa kushoto wa mto, waliuawa kabla mtu hajawafikia.

Mambo hayo yote yameandikwa. Yameandikwa Brussels, yameandikwa Washington, yana vitabu na filamu. Mtu akiwa London anaweza kuijua njia ile ya ndege ya Simi-Simi, urefu wake na hali ya hewa ya asubuhi ile. Kijana anayechota maji karibu na uwanja huohuo, akiulizwa, atasema ni uwanja wa wanajeshi, mtu asikaribie na simu yake mkononi. Jibu lake ni sahihi. Ila hilo ndilo tu alilopewa.

Na hata hayo yaliyoandikwa yana upande mmoja. Wageni waliouawa mwaka 1964 wana majina, picha na tarehe za kuzaliwa. Wakongomani waliouawa miezi ile, kwanza na Simba, halafu na wanajeshi na mamluki baada ya mji kutwaliwa, walikuwa maelfu, na hakuna aliyekaa kuwahesabu mmoja mmoja. Simba walianza na makarani, walimu, watumishi wa serikali, watu ambao kosa lao lilikuwa kusoma na kuvaa tai. Wengi walipelekwa mbele ya mnara wa Lumumba na kuuawa hapo, hadharani, watu wakitazama.

Hilo la mnara linapaswa kumkaa kichwani kila anayeomba leo serikali ijenge sanamu mpya. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 bila hakimu wala sheria. Mji uliompenda ukamwekea mnara. Miaka mitatu na nusu baadaye, mnara huohuo ukageuzwa mahali pa kuulia watu wengine bila hakimu wala sheria. Simenti haikatai kitu. Wanaopita karibu nayo wasipojua habari yake, yeyote mwenye bunduki anaweza kuipa habari nyingine.

Tena Lumumba wa hapa ni tofauti na yule wa hotuba na mabango. Hapa alikuwa karani wa posta. Aliishi Stanleyville zaidi ya miaka kumi, aliandika magazetini, aliongoza vyama vya Wakongomani waliosoma, alifungwa kwa ajili ya pesa za posta, akatoka, akaenda Léopoldville. Akarudi Oktoba 1959 kwa mkutano mkubwa wa chama chake cha MNC. Tarehe 30 Oktoba fujo zikazuka, watu wengi wakauawa, naye akakamatwa siku mbili baadaye. Alikuwa mfungwa mpaka walipolazimika kumtoa aende Brussels kwenye mazungumzo ya uhuru. Alipoondolewa madarakani, wafuasi wake walirudi hapahapa, na tangu Desemba 1960 mpaka Agosti 1961 serikali ya Antoine Gizenga ilikaa Stanleyville, ikitambuliwa na nchi kadhaa kama serikali halali ya Kongo. Mji huu ulikuwa na mabalozi! Vijana wa Makiso wanaposikia hivyo hudhani ni mzaha wa wazee.

Juni 2022, jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa kutoka Ubelgiji na kuzungushwa nchini kabla ya kuzikwa Kinshasa. Lilipita Kisangani pia. Sanduku likaja, likaondoka. Posta na gereza vikabaki hapa, lakini watoto wa shule hawapelekwi kuviona kama wanavyopelekwa kwenye maporomoko.

Wenye kupenda ngome za kale nao hawana haja ya kusafiri mbali. Ngome ya kwanza ya mji huu ilikuwa kisiwani, kwenye Wana Rusari, karibu na maporomoko ya mwisho. Henry Morton Stanley alifika hapo Desemba 1883 akamwacha Mskoti mmoja, fundi wa mashine, Andrew Binnie, alinde kituo. Miaka michache tu baadaye, Agosti 1886, kituo kilishambuliwa na watu wa Waarabu wa Zanzibar waliokuwa wakiishi jirani. Vitabu vinatoa sababu: mwanamke aliyekuwa mikononi mwa mkubwa mmoja wa Kiarabu alitoroka mateso, akakimbilia kituoni, na mkuu wa kituo, Walter Deane, akakataa kumrudisha. Walipigana siku kadhaa mpaka risasi zikaisha. Deane akachoma kituo, akakimbilia msituni pamoja na mwenzake Dubois. Dubois akafa maji. Deane akafichwa na wenyeji mpaka alipookolewa.

Vitabu vinamtaja Deane, vinamtaja Dubois. Mwanamke vinamwita mwanamke tu. Lakini ndiye mtu wa kwanza ambaye historia ya mji huu inamtaja kuwa alikimbilia hapa kutafuta usalama, na vita vya kwanza vya mji vilipiganwa juu ya swali kama arudishwe au alindwe. Familia zilizokimbilia Simi-Simi na mitaa mingine miaka hii zingeelewa habari hiyo haraka kuliko mtalii yeyote wa kutoka Ulaya.

Baada ya kushindwa kwa nguvu, mfalme Leopold wa Pili alitumia njia nyingine. Mwaka 1887 alimfanya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mfanyabiashara wa pembe na watumwa akapandisha bendera ya nchi iliyokuwa ikijisifu Ulaya kwamba inapiga vita utumwa. Aliondoka mwaka 1890, akafa Zanzibar mwaka 1905. Nyumba yake bado imesimama Mji Mkongwe, na waongoza watalii wa Zanzibar huwasimamisha wageni mbele ya mlango wake na kuwasimulia habari ya mto Kongo. Kwa hiyo habari ya Kisangani inauzwa Zanzibar. Hapa, ambako alitawala, ambako wajukuu wa watu wa misafara yake wapo na misikiti yao ipo, na ambako hata Kiswahili kinachosikika sokoni kilifika na misafara hiyo, jina lake hutajwa kwa haraka darasani na kupitwa.

Inawezekana ni aibu. Nani atake kumwonyesha mgeni mahali watumwa walipokusanywa? Lakini Zanzibar pia ilikuwa na sababu ya aibu, ikaamua kuonyesha. Pale Mkunazini, kwenye lililokuwa soko la watumwa, kuna kanisa na kuna sanamu za watu wamesimama shimoni na minyororo halisi shingoni. Mombasa kuna Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698, Waingereza wakaifanya gereza. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeijenga au kuishika kwa faida ya mtu wa Mombasa. Leo ni makumbusho, mtoto wa shule wa Kenya analipa kidogo sana kuliko mgeni, na anaonyeshwa tabaka zote tatu za ukuta bila kuombwa achague wa kumpenda.

Mbali zaidi, huko kwenye visiwa vya Karibi, watu hupanda mlima kwa miguu au kwa farasi kwenda kuiona ngome ya Citadelle, nchini Haiti. Henri Christophe aliijenga baada ya uhuru wa 1804 ili Wafaransa wakirudi wakute mizinga inawangoja. Waliojenga walikuwa watu waliojikomboa wenyewe kutoka utumwani, na wengi wao walikufa katika kazi hiyo. Sehemu kubwa ya watumwa wa kisiwa kile walikuwa wametoka pande za Kongo, na Wafaransa waliwaita kwa jina hilo, Kongo. Wazee wa hapa waliosoma miaka ya 1960 wanakumbuka walimu wa Kihaiti waliokuja baada ya Wabelgiji kuondoka ghafla. Haiti ni maskini, ina vita vya magenge, ina wahami wake wengi. Lakini kila Mhaiti anajua ngome ile ni nini. Umaskini, basi, hautoshi kuwa sababu.

Upande wa makumbusho, Kongo imepiga hatua, ila mbali na hapa. Makumbusho ya taifa yalifunguliwa Kinshasa mwezi Novemba 2019 kwa msaada wa Korea ya Kusini. Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja na barakoa ya Kakuungu ya Wasuku, akaiacha hapo kwa mkopo usio na mwisho. Neno mkopo liliwachekesha wengi, na kwa haki. Vitu vingi zaidi viko Tervuren, nje kidogo ya Brussels, pamoja na vilivyotoka msitu huu na mito hii. Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 kwa mto, na tiketi ya ndege ni mshahara wa miezi mingi wa mwalimu. Kwa mtoto wa Simi-Simi, Kinshasa na Tervuren ziko umbali mmoja.

Kwa hiyo kinachoweza kumfikia ni kile kilichopo mjini. Na hapo ndipo linapokuja jambo zito kuliko Stanley na Tippu Tip wote wawili.

Tarehe 5 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, nchi mbili zilizoingia Kongo kama marafiki, yalianza kupigana ndani ya Kisangani kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti 1999, ya pili Mei 2000. Hii ya tatu ilidumu siku sita. Daraja la Tshopo lilikuwa katikati, na makombora yalipita juu ya nyumba za komini ya Tshopo, Makiso na Mangobo kama mvua ya mawe. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia waliokufa kuwa zaidi ya 760 na waliojeruhiwa 1,700. Watu wa mji wanasema ni wengi zaidi, na hoja yao ina nguvu, kwa sababu siku zile hakuna aliyeweza kufika makaburini. Watu walizikwa uani, chini ya mwembe, nyuma ya choo, popote jembe lilipoingia haraka.

Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliikuta Uganda na hatia. Rwanda haikuhukumiwa, kwa sababu mahakama ilisema haina mamlaka juu yake, ingawa kombora likianguka paani halikuulizwa limetoka upande gani. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa awamu tano. Kati ya hizo, 225 ni kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa asili. Ofisi ya kugawa malipo hayo, FRIVAO, iko hapahapa Kisangani. Tangu hapo neno "muhanga" mjini limekuwa na harufu ya pesa. Kuna orodha, kuna malalamiko juu ya orodha, kuna maandamano, kuna watu wanaoapa kwamba jirani aliyeandikwa hakuwa hata mjini mwaka 2000.

Malipo ni haki, na kila anayestahili aendelee kuyadai. Lakini orodha ya malipo ni orodha ya walio hai. Inauliza nani apokee. Orodha nyingine, inayouliza nani alikufa, wapi, siku gani, amezikwa wapi, hiyo haimpi mtu franka hata moja, na ndiyo sababu haina watu wa kuikimbilia. Na muda wake unaisha. Mama aliyemzika mwanawe uani akiwa na miaka 45 sasa amevuka 70. Aliyekuwa na miaka 10 alipoona miavuli ya mwaka 1964 naye pia amevuka 70. Viwanja vinauzwa. Mwenye nyumba mpya anachimba msingi, au choo, na fundi anakutana na kile ambacho hakuna aliyemwonya. Mpangaji naye anaweza kulala miaka mitano juu ya kaburi, watoto wake wakicheza hapo, bila kujua.

Wapangaji hao wengi siku hizi ni wahami wa vita. Mgogoro wa Wambole na Walengola, ulioanza Februari 2023 juu ya ardhi upande wa kushoto wa mto, ulichoma vijiji na kuwaleta maelfu ya watu mjini, wengine kwenye majengo ya shule na makanisa, wengine kwa ndugu, wengine kwenye vyumba vya kupanga. Kuna waliotoka mbali zaidi, Ituri na Beni. Wamefika katika mji ambao hawaujui, na mji haujawaambia lolote juu yake. Wenyeji huwaona kama mzigo mpya. Lakini mji huu umekimbiwa na kukimbiliwa mara nyingi mno. Mwaka 1964 watu wa mjini walikimbilia msituni, wakafichwa na watu wa vijijini. Mwaka 2000 walivuka, wakalala kwa watu wa vijiji vya pembeni. Baadhi ya wajukuu wa waliowaficha ndio hawa wanaoomba nafasi leo. Kama historia hiyo ingekuwa inasemwa wazi, shuleni na barabarani, huenda mama mmoja wa Kilengola angeombewa kodi ya miezi mitatu badala ya sita. Huenda isiwe hivyo pia. Lakini kusema si gharama.

Kuna wanaopinga, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Wanauliza: mtu amelala kwenye sakafu ya darasa, watoto wake wanakula mara moja kwa siku, na nyinyi mnazungumzia vibao na makumbusho? Swali hilo lingekuwa na jibu moja tu kama kazi inayoombwa ingekuwa ya kuchukua pesa za unga na kuzitia kwenye jiwe la marumaru. Mnara mkubwa uliojengwa kwa mkataba mkubwa, wenye jina la aliyeufungua kwa herufi kubwa kuliko majina ya waliokufa, ungoje. Ungoje hata miaka ishirini. Lakini waulizwe wahami wenyewe wanalilia nini usiku. Wanalilia chakula, ndiyo. Wanalilia pia kaburi la baba lililobaki kijijini, cheti cha mtoto kilichoungua na nyumba, kaka aliyeanguka njiani na kuachwa bila hata kufunikwa majani. Kila mmoja ana jina analotaka liandikwe mahali. Anayesema wenye njaa hawana haja ya kumbukumbu hajakaa nao jioni.

Hoja nyingine ni ya usalama. Simi-Simi ni uwanja wa wanajeshi na picha ni marufuku. Kijana akionekana anachora ramani atajikuta anajieleza mbele ya afisa. Ni kweli. Lakini hakuna aliyeomba kuingia uwanjani. Kibao cha ubao, kilichopakwa rangi na fundi wa mtaani, kinaweza kusimama barabarani, nje ya eneo lao, chenye mistari michache kwa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa: tarehe, nani walishuka, nani walikuwa wanashika mji, nani walikufa, wageni na wenyeji. Kisiwaite kikundi chochote mashujaa. Katika avenyu moja hapa mjini wanaishi watoto wa Simba na watoto wa walimu waliouawa na Simba, na wanaazimana chumvi. Kibao kiseme kilichotokea, na kiwaache waendelee kuazimana.

Kutembelea nako kusifanywe kitu cha wenye pesa. Walimu wa Simi-Simi wanaweza kuwatoa wanafunzi asubuhi moja kwa miguu: uwanja kwa nje, halafu mto, halafu misheni ya Mtakatifu Gabrieli, ambako Padri Gabriel Grison na wenzake walianza kazi Noeli ya mwaka 1897. Siku nyingine waende mjini: posta, kanisa kuu la Rozari kando ya mto, daraja la Tshopo. Watoto wa wahami waliokaa kwenye madarasa hayohayo waende pamoja nao, bila kuulizwa karatasi. Mzee mmoja aliyeona kwa macho yake awe mbele, na apewe kitu kidogo cha sukari na sabuni, kwa sababu naye ni mwalimu siku hiyo. Mgeni wa kutoka Ulaya akija, alipe, tena alipe vizuri, na pesa ziandikwe mbele ya watu. Mkaaji wa Kisangani, aliyezaliwa hapa au aliyefika jana na godoro kichwani, asilipe.

Na kabla ya kibao chochote kuna kazi ya daftari. Parokia zina vitabu vya misa za wafu. Misikiti inajua ni nani waliswaliwa siku zile na nani hawakuswaliwa. Wakuu wa avenyu, wengi wao wamekaa muda mrefu kazini, wanajua ua kwa ua. Makomini sita ya mji yana makarani. Kazi ni kupita nyumba kwa nyumba, kuanzia komini ya Tshopo ambako mabomu yaliangukia zaidi, na kuuliza maswali manne tu: jina, umri, siku, mahali alipolala. Karani aseme tangu mlangoni kwamba daftari hili halina uhusiano na malipo, ili asidanganywe na wala asidanganye. Mwenye kutaka kuuza kiwanja chenye kaburi aambiwe litahamishwaje kwa heshima kabla fundi hajaleta sepetu.

Karani huyohuyo akifika kwenye shule au uwanja wa kanisa wanakolala watu wa ng'ambo, afungue ukurasa mpya na kuuliza maswali yaleyale juu ya vijiji vilivyoungua mwaka 2023. Majina hayo bado yako midomoni, bado yana tarehe, bado kuna watu watatu wanaoweza kusahihishana. Wambole waandikwe na Walengola waandikwe, kwenye daftari moja, kwa mpangilio wa siku na si wa kabila. Kila mwaka tarehe 5 Juni kunafanyika misa na hotuba kwa wahanga wa mwaka 2000. Safari ijayo, hotuba zinaweza kufupishwa kidogo, na nusu saa ikatengwa kwa mtu mmoja kusimama na daftari hilo, hata kama litakuwa na kurasa nne tu, na kuyasoma.